Kichwa cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na mbili tangu nipandikizwe nywele. Ajuaye ni mke wangu tu. Kazini nilisema naumwa mgongo. Ningefanyaje? Kinyozi mwenye upara, nani atamkabidhi kichwa? Wateja wanaingia, wananitazama utosini, wanakwenda kwa Kishungi, kinyozi mwenzangu. Yule ana msitu unaoanzia kwenye nyusi. Na Ijumaa mama mwenye saluni anaamua: mmoja wetu atapewa kiti cha dirishani, mwingine atabaki kule nyuma karibu na choo.

Jumanne, 4 Machi
Vigaga vya vidonda vimedondoka. Chini yake, vinundu! Utosi wote umekuwa ganda la fenesi. Nikampigia daktari. Akasema hutokea, mara nyingi hutulia vyenyewe baada ya wiki au miezi, nisikune, nisipitishe wembe. Miezi! Nina siku tatu. Mke wangu akanitazama, akacheka, akaniomba radhi, akacheka tena.

Jumatano, 5 Machi
Daktari ajue kupanda. Kulainisha ngozi ni kazi yangu, mwaka wa kumi na nne huu. Mke wangu akanikuta nafungua wembe, akasema kinyozi hajinyoi. Nikamjibu hiyo ni methali ya vinyozi wabovu. Nikasubiri atoke. Vioo viwili, povu, mkono mwepesi. Sikusikia hata kidogo! Nikajisifu. Kumbe ngozi bado ina ganzi. Nilishtuka maji ya sinki yalipogeuka mekundu. Sasa nina vinundu, vishimo, na nywele chache kuliko nilizozaliwa nazo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi kazini na kofia ya sufu, jua la kupasua mawe. Nikapata mteja, mwalimu mstaafu. Katikati ya kazi waya wa mashine ukanasa kofia, ikaanguka mapajani mwake. Akakiona kichwa changu kwenye kioo. Akainuka nusu kanyolewa, kitambaa shingoni, akasema kwa upole, "Mwanangu, hicho choa kitatuambukiza." Saluni nzima ikasikia. Akamaliziwa na Kishungi. Nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia mama mwenye saluni ukweli: si choa, ni upandikizaji. Nikamwonyesha cheti cha daktari. Akakisoma chote, akasema, "Kiti cha dirishani nilishakuwekea wewe. Kwa mkono wako, baba, si kwa nywele."
Lakini sasa kapewa Kishungi. Mimi nikae nyumbani mpaka kichwa kipone, na nisikiguse. Imeniuma mno.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Kosa nimeliona: wembe! Wembe hukata, haulainishi. Seremala jirani yetu anasema hakuna ubao usiolainika kwa msasa. Nimeazima kipande, ule mwembamba kabisa. Mke wangu anatoka saa nne.