Sabufa ya Kumrudisha Mke Kiti cha Mbele

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu sasa kiti cha mbele cha gari langu hakina mtu. Mke wangu anaenda kazini na kaka yake, shemeji yangu, kwenye kile kigari cha mtu na nusu. Nimemuuliza kwa nini. Akasema tu kwamba kwa kaka yake kunakalika. Kunakalika! Nimewaza ofisini mchana kutwa, shavu mkononi, faili hata moja sijafungua. Saa tisa jibu likaja: shemeji ana sabufa ndani ya boksi zuri. Yangu imelala tupu kwenye buti, inaguna tu. Ikipata boksi, mke atarudi. Jumamosi tunaenda kwa mama mkwe, na lazima akae pembeni yangu, upepo ukimchezea nywele. Dirisha la upande wake halifunguki, lakini katika mawazo yangu lilifunguka.

Jumanne, 5 Machi
Fundi redio alinieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Boksi lililozibwa pande zote: dogo, besi safi, kila kitu kinasikika. Lenye tundu: kubwa, mlio mzito, vioo vinatetemeka. Nikamuuliza fundi, mke wangu atapenda lipi? Akaniuliza mke anapenda nyimbo gani. Nikababaika. Miaka kumi na moja ya ndoa! Nikasema zile za taratibu. Basi lile lililozibwa, akasema, ila nipime buti vizuri.

Nimepima kwa kujilaza humo. Palikuwa na joto tamu, jua likipenya kwenye kitobo cha kutu. Nikaisikia besi ambayo bado haijatengenezwa, laini, inanibembeleza. Usingizi ukanipitia. Aliyeniamsha ni shemeji. Aliuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Nikamwambia napima. Ana kicheko cha kuudhi yule!

Alhamisi, 7 Machi
Seremala, ambaye maisha yake yote ametengeneza makabati, ameleta boksi lenye bawaba. Bawaba! Anasema kitu kisichofunguka kinampa wasiwasi. Nimembembeleza mpaka akazing'oa, amenuna.

Fundi redio alishauri nitie pamba ndani ili besi itulie. Pamba sina. Mto upo. Wa mke wangu ndio mnene. Nikaushindilia, gundi, skrubu kumi na sita, kwisha. Jioni ameuliza mto wake uko wapi. Nikajitia kuutafuta pamoja naye, hadi chini ya kabati la vyombo.

Jumamosi, 9 Machi
Amekaa mbele! Shemeji anafuata nyuma na kigari chake. Nikawasha muziki. Besi ikaja taratibu, ikapanda kwenye viti, ikatua kifuani. Safi! Nilitaka kulia. Mke akasema kitu. Nikaweka kidole mdomoni, kipande kitamu kipite. Akasema tena. Nikamwambia angoje, asikilize hapa. Kwenye taa nyekundu nikafumba macho kidogo tu. Nilipoyafumbua, mlango wake ulikuwa wazi. Kwenye kioo nikamwona ndani ya gari la shemeji, anafunga mkanda.

Kwa mama mkwe nikamvuta mke wangu pembeni. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema hakuhama kwa sababu ya sabufa. Kaka yake huzima redio, yeye akizungumza anasikilizwa. Leo alikuwa ananiambia amepandishwa cheo, na alitaka niwe wa kwanza kujua. Shemeji ndiye amekuwa wa kwanza. Nimemwomba radhi mbele ya mama yake, kwa moyo wote.

Jumapili, 10 Machi
Maneno yake yananizunguka tangu asubuhi. Anataka asikike ndani ya gari langu. Ana haki kabisa! Nimejilaza kwenye nyasi nyuma ya nyumba, mawingu yakipita, nikatafakari mpaka nikaelewa.

Maikrofoni. Ndogo, nitaibana kwenye mkanda wake. Kila atakalosema litatokea kwenye buti, zito, safi, halipotei hata neno. Tatizo sauti yake ni nyembamba, boksi hili litammeza. Kesho kabla ya kazi nampitia fundi redio nimuulize habari za lile lenye tundu. Mke wangu bado sijamwambia. Alikuja hapa kwenye nyasi akaanza kunieleza kuhusu kazi yake mpya, nikamwomba anyamaze kidogo, nilikuwa napiga hesabu.