Kimwanzi cha Baba Kwenye Bomba la Sindano

Jumatatu, 4 Machi
Barua kutoka ofisi ya hataza. Miezi saba nasubiri cheti cha kusema kifuniko hiki cha sindano, kinachoificha ncha ikishachoma, ni uvumbuzi wangu. Badala yake mkaguzi anauliza kama fundi wa kawaida asingekifikiria. Likiwa jambo dhahiri, hakuna cheti. Na bila cheti sirudi nyumbani. Miaka tisa iliyopita nilimwapia mama kwamba nitarudi nikiwa mtu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata hila. Hapa kiwandani tunatengeneza mabomba ya sindano. Mimi nafagia, Fundi Mkuu anatunza mashine. Nimemwomba aandike kwamba yeye, pamoja na ujuzi wake wote, asingekifikiria kifuniko changu. Akanitazama kama nimemtukania ukoo. Akasema, ndugu yangu, kitu gani ukifikirie wewe na ufagio wako kinishinde mimi? Akaandika kinyume, akagonga na muhuri. Karatasi nimeificha ndani ya kiatu.

Alhamisi, 7 Machi
Najitetea mwenyewe kwa barua. Kurasa nne. Nimeeleza wazo lilikotoka: baba alivyokaa barazani akishona viatu, na msharasi wake wa kutobolea ngozi ameuvalisha kimwanzi, kipande kifupi cha mwanzi, chenye utepe wa mpira wa baiskeli. Akitoboa, kimwanzi kinarudi nyuma. Akichomoa, mpira unakivuta mbele, ncha inajificha, hatuchomwi sisi watoto. Kalamu ikanikolea. Nikaongeza harufu ya ngozi, sauti ya mama akituita kula, na washona viatu wa mtaa mzima, kila mmoja na kimwanzi chake. Machozi yamedondoka ukurasa wa tatu. Sijapata kuandika kitu kizuri hivi. Nimeituma.

Jumatano, 20 Machi
Mkaguzi anashukuru. Anasema hakuhitaji shahidi mwingine: kama mtaa mzima walikuwa nacho, kukihamishia kwenye bomba la sindano ni dhahiri. Ombi limekataliwa. Chini kaongeza kwa mkono kwamba babu yake naye alikuwa mshona viatu, na barua yangu ameisoma mara mbili.
Nimempigia mama, nikamwambia avumilie kidogo, cheti cha kimwanzi cha sindano kimekwama. Akauliza, cheti cha nini, mwanangu? Kimwanzi cha baba yako si kipo hapa, kinaning'inia msumarini?

Alhamisi, 21 Machi
Ombi jipya. Sanduku la sindano zilizotumika: zinaingia, hazitoki. Mtego wa panya wa bibi ulikuwa hivyo hivyo. Barua kwa mkaguzi nimeshaianza. Safari hii sifichi kitu, nitamtajia hata majirani waliokuja kuuazima mtego.