Damu ya Vikombe kwa Daktari Zeinab

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja: Daktari Zeinab ana nafasi moja ya msaidizi wa utafiti, mimi na Salah tunaiwania, na inafaa njia ya ushindi wangu ihifadhiwe.

Leo alitueleza maradhi ambamo kinga ya mwili huzigeukia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mgonjwa huvilia damu bila kupigwa. Fizi hutoka damu kwa mswaki tu. Kisha akafika kwenye maikroRNA. Subhanallah! Vipande vidogo hata darubini yetu haivioni, na kazi yao ni kunyamazisha jeni. Kwa baadhi ya wagonjwa vingine vimezidi, vingine vimepungua, na kinga hukosa wa kuituliza. Sikula mchana. Niliukodolea macho mkono wangu mwenyewe.

Anahitaji pia damu ya watu wenye afya, ya kulinganishia. Wazo!

Jumamosi, 8 Novemba

Kumi na saba ya mwezi mwandamo, siku ya sunna ya kuumikwa. Foleni kwa Adeer Abdow, ami wa mtaa mzima na mtaalamu wa hijama, ilifika barabarani. Wazima wote, wanatolewa damu, nayo inamwagwa! Nikaomba damu ya vikombe vyote. Adeer akashangaa kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Waryaa, uchafu huu unabeleka wabi?" Kwa sayansi, nikajibu. Mteja mmoja akaniita fisi mwenye digrii.

Nikaibeba katika chupa ya chai, kwa tuktuk, juani, hadi maabara kwa Daktari.

Salah alichungulia, akauliza kama nimeleta maini. Ilikuwa imeganda yote! Daktari, kwa upole wa kutisha, alisema haifai kitu, tena wenyewe hawakuombwa ridhaa. Lakini mimi nilipigwa na butwaa: chembe ambazo mgonjwa huzililia zimefanya kazi yao mbele ya macho yangu! Nikatamka hivyo. Daktari akaifunika ile chupa. Akaniita kwenye usaili Jumatatu saa mbili asubuhi. Nije mikono mitupu, alisisitiza.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa kukosa barafu tu! Mikono mitupu ataenda nayo Salah.

Kesho ni kumi na tisa ya mwezi mwandamo, nayo ni siku ya hijama. Nimempigia Adeer Abdow. Amecheka hadi akakohoa, kisha akakubali. Barafu nimeshanunua.

Tumepatana: kwake, Jumatatu, saa moja asubuhi, saa nzima kabla ya usaili.