Mtungi wa Heringi wa Mama

Jumatano, 21 Desemba
Sijalala vizuri kwa hasira. Dada Bodil kapiga simu. Kasema chakula cha mchana cha Krismasi kitakuwa na heringi, wale samaki wa kutiwa siki, wa aina mbili: wangu na wa mumewe, Preben. Atakayeshinda anachukua mtungi wa Mama wa kuwatilia, ambao sasa ninao mimi. Tangu Mama afariki, kazi ya heringi ni yangu. Preben ni mtu wa Kopenhageni, samaki kawajulia dukani. Mimi nikiwa na miaka tisa nilimnasa heringi akaikokota mashua yetu hadi Norwei.

Ijumaa, 23 Desemba
Nimenunua heringi wa pipa, waliojaa chumvi. Bodil kanikumbusha niwaloweke usiku kucha, nibadilishe maji mara tatu. Kunifundisha mimi! Nimemjibu kuloweka ni kwa watu wa ofisini. Nimewasuuza bombani, nikawatia kwenye siki, sukari na vitunguu. Kazi imekwisha.

Jumapili, 25 Desemba
Nimeonja kipande. Nimemaliza birika zima la maji. Muuza samaki yule ni mshenzi. Ila akili ni nywele. Kwa macho, heringi wote ni wamoja.

Jumatatu, 26 Desemba
Nimefika kwa Bodil mapema, nikaacha mtungi jikoni, nikaenda sebuleni kumwamkia Shangazi Dagny, mwamuzi wetu. Preben akaniuliza, "Shemeji, umeleta heringi au hadithi?" Nikameza hasira. Nikanyata hadi jikoni. Wa mtungini nikawatia kwenye bakuli la Preben, wa Preben nikawatia mtungini.

Kwetu hakuna anayegusa nyama kabla ya heringi. Watu kumi na mmoja wakaanza na wa mtungini, juu ya mkate mweusi, wote kwa pamoja. Shangazi akamaliza glasi yake ya pombe kali, akamaliza yangu, akayafikia maji ya chombo cha maua. Akasema hata bahari haina chumvi hivyo. Bakuli la Preben wakalilamba.

Bodil akanivuta hadi jikoni. Kumbe asubuhi alionja wangu, akanihurumia, akawabadilisha na wa Preben yeye mwenyewe kabla yangu. "Sasa mikono ilikuwasha nini, kaka?"

Jumanne, 27 Desemba
Preben kapanda maua kwenye mtungi wa Mama. Yote haya ni huruma ya Bodil, nani alimwomba? Pasaka heringi watarudi mezani. Kuloweka, siloweki. Nitawabadilisha mara mbili.