Jina Juu ya Mlango wa Maktaba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nilishtuka. Umefanya kazi miaka themanini na minne bila likizo, na sasa unataka kustaafu bila hata notisi! Amenipa vidonge vya aina tatu na kunikataza hasira. Kisha akauliza kwa upole kama mambo yangu yote yako sawa. Nikasema ndiyo. Uongo.

Ndiyo maana nimefungua daftari hili. Kabla sijafa nitaandika ukweli mtupu, hasa lile jambo la uji. Nitaanza kesho. Leo kuna dharura.

Mjukuu wangu Tabby, miaka tisa, Grade 4, ameleta barua kutoka shuleni. Shule ileile niliyoiongoza kama mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa! Wamejenga maktaba. Ijumaa ya tarehe ishirini wazazi watakutana kuchagua mmoja wa wazee wa mtaa ambaye jina lake litaandikwa juu ya mlango. Kabla ya hapo, watoto wa Grade 4 watawahoji wazee, kisha watawasomea wazazi walichoandika.

Nilitabasamu kwa unyenyekevu. Nikamwomba Waithira, mke wa mwanangu, anitolee suti ya kijivu kabatini. Akaniuliza, "Kwani Baba, umeshachaguliwa?" Nikamwambia ni suala la siku tu.

Akanisomea ujumbe wa kundi la wazazi kwenye simu yake. Watu ishirini na watatu wamependekeza jina tayari. Jina moja. Chepkoech.

Chepkoech! Mwalimu wa darasa la kwanza! Mtu wa a, e, i, o, u!

Nimelala mchana na viatu.

Jumanne, 10 Juni

Haya. Lile jambo la uji. Niliandike haraka kabla sijabadili nia.

Mwaka 1984, mwaka wa ukame na mahindi ya njano ya msaada. Watoto walikuwa wakianguka kwenye paredi kwa njaa. Chepkoech, wakati huo msichana wa miaka ishirini na sita, akaanza kuwapikia uji wa wimbi, yaani ulezi, nyuma ya darasa lake. Maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, aliyabeba kutoka Kimumu kwa baiskeli. Mimi nikamwandikia barua ya onyo. Kosa: kuwasha moto katika eneo la shule bila idhini ya maandishi. Nakala kwenye faili. Hakujibu. Akaendelea kupika.

Wiki tatu baadaye mkaguzi wa elimu akafika bila taarifa. Akaona watoto wamenawiri na madarasa yamejaa. Akauliza wazo hili zuri ni la nani. Nikakohoa. Akaelewa kuwa ni langu. Sikumsahihisha.

Barua ya pongezi aliyoniandikia iko sebuleni ndani ya fremu. Miaka arobaini na mmoja. Kila mgeni huisoma. Asiyeisoma, mimi humsomea.

Basi, nimekiri. Nilidhani ningejisikia mwepesi. Wapi! Labda kukiri kwa daftari hakuhesabiwi.

Lakini mlango ni jambo jingine. Nina wana watatu, anayenipigia simu ni mmoja. Nyumba niliyojenga Timboroa iliuzwa, na aliyeinunua aliibomoa. Nikifa, jina langu litasomwa mara moja redioni kwenye matangazo ya vifo, kati ya mtu wa Burnt Forest na mtu wa Turbo, kisha basi. Nataka mlango ule. Sina kingine ninachotaka.

Mkakati: Tabby atanihoji mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Mahojiano yamefanyika. Mwalimu wao ametoa maswali matano. La kwanza: ulicheza michezo gani ulipokuwa mtoto? Michezo! Mtu anakufa, anaulizwa michezo! Nimeyafuta yote na kuweka yangu, kumi na mawili. Swali la saba: "Je, ni kweli kwamba ulinusuru shule mwaka 1984?"

Nikaandika na majibu, ili kumwondolea mtoto mzigo. Kurasa tisa. Tabby alinakili mbili, akasema vidole vinamwuma, akaenda kuruka kamba. Nimemalizia zile saba mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko ufanane na wake.

Waithira alipita, akatazama, akasema siku hizi wazazi ndio wanaosoma Grade 4, sasa na mababu wamejiunga. Niliendelea kuandika. Nilikuwa kwenye herufi ngumu.

Ijumaa, 13 Juni

Kazi imerudishwa. Kwa kalamu nyekundu! Mimi, niliyesahihisha insha za wilaya nzima!

Mwalimu Wesonga, kijana ambaye ningeweza kumzaa na kumsahau, ameandika hivi: "Tabby ana miaka tisa. Ametumia 'aidha' mara kumi na nne na 'ilhali' mara tisa. Pia anakumbuka alivyoshangilia Uhuru mwaka 1963. Mzee, tafadhali muache mtoto afanye kazi yake."

Nilikaa kitandani nusu saa. Nilipoinuka, Tabby alinipa mshtuko wa pili. Leo Chepkoech alialikwa darasani kwao! Wametoka nje, wakaweka mawe matatu, wakapika uji wa wimbi, kila mtoto akakoroga. Amerudi na masharubu ya uji hadi puani. Anasema mama huyo ni noma. Nikamwuliza noma ni nini. Akasema, "Ni mtu poa sana, Guka." Nikamwuliza mimi babu yake ni nini. Akafikiri. Akasema mimi ni Guka.

Halafu akaniambia alimwuliza Chepkoech mbele ya darasa zima kama mwalimu mkuu alimsaidia. Nilishika kiti. Chepkoech alijibu kwamba mwalimu mkuu alimwandikia barua. Barua ya nini? Ya kunitia moyo, akasema.

Sijawahi kushtuka hivi. Anadanganya kwa ajili yangu! Bila kuombwa! Mwanamke huyu ananishinda hata kwenye uongo.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani, kwa sababu ya moyo. Waithira aliacha simu ikichaji. Mtu mwingine angeiona ni simu. Mimi niliiona ni kura.

Niliingia kwenye kundi la wazazi na kuandika kama yeye: "Wazazi wenzangu, tusisahau mchango adhimu wa Mzee Gikonyo, mwalimu mkuu wa zamani, ambaye kwa mujibu wa daktari hatakuwa nasi kwa muda mrefu. Aidha, ni mtu mnyenyekevu."

Dakika moja haikuisha. Njenga, mwenyekiti wa wazazi, akajibu: "Mzee, habari za Jumapili. Mama Tabby ninamwona hapa mbele, yuko kwenye kwaya. Rudisha simu."

Nilitaka kufuta. Nikabonyeza mahali. Ikatoka picha ya mguu wangu, na soksi imetoboka kidole gumba. Watu arobaini na mmoja wameweka vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Mmoja ameandika kwamba soksi nayo iwekwe kwenye maktaba.

Waithira alirudi. Alinipakulia githeri, mahindi na maharagwe, bila parachichi. Parachichi lilikuwepo. Nililiona.

Jumatatu, 16 Juni

Habari kubwa! Kamati imetuma barua: kwa desturi ya shule, jengo haliitwi kwa jina la mtu aliye hai.

Nilishtuka, kisha nikapiga makofi. Chepkoech ametoka! Ana miaka sitini na saba, analima mwenyewe, anapanda miti kuchuma maparachichi. Huyo hafi leo wala kesho. Mimi pia niko hai, lakini si sana.

Nimemwandikia Njenga mara moja, nikaambatanisha barua ya daktari. Nimependekeza mlango uachwe wazi bila jina kwa muda mfupi. Nimemhakikishia kwamba sitawachelewesha.

Jumatano, 18 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi, kliniki. Daktari amenisikiliza kifua muda mrefu, kisha akatabasamu. Nafuu! Vidonge vimefanya kazi. Nikijitunza, amesema, naweza kuwa na miaka kadhaa mbele yangu. Miaka! Nimemwuliza kama ana uhakika, kama hakuna kipimo kingine. Amesema nimshukuru Mungu. Nitamshukuru wiki ijayo, baada ya mkutano.

Nikarudi nyumbani, na nani yuko sebuleni, chini ya fremu yangu? Chepkoech. Na chupa ya uji. Njenga alimwambia ninakufa, akaja kuniaga.

Alinimiminia kikombe. Ulikuwa uji uleule, wimbi na maziwa yaliyochacha kidogo. Nilikunywa mara mbili, na sijui ni nini kilichonipata. Nikamwambia yote. Barua ya onyo, mkaguzi, kikohozi. Nikamwomba msamaha huku nikitazama sakafu, kama mtoto aliyevunja dirisha la ofisi.

Alicheka! Alicheka hadi akashika mbavu. Akasema, "Mwalimu, hiyo barua yako niliwashia moto. Kuni zilikuwa mbichi siku hiyo, na karatasi ya ofisi inashika haraka."

Barua yangu ya kukataza moto! Imewasha moto!

Alipomaliza kucheka akawa mtu mwingine. Akasema mimi amenisamehe zamani, hana shida. Shida yake ni Tabby. Mtoto amemwuliza mara tatu barua ile ilisema nini, na mara tatu amemdanganya, na yeye hajazoea kumdanganya mtoto wa darasani. "Sasa Mzee, mwambie mwenyewe. Ijumaa, wakiwa wote. Mimi sirudii tena."

Nimeahidi. Mungu wangu, nimeahidi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesema.

Ukumbi ulijaa. Tabby alisoma kazi yake, nusu ukurasa, maneno yake mwenyewe, hakuna "aidha" hata moja. Alimalizia kwa kusema kwamba Guka wake alimwandikia Mama Chepkoech barua ya kumtia moyo. Akanitazama na kunipungia mkono.

Nilisimama. Nilikuwa na hotuba ya kurasa sita mfukoni. Nikaona nisiitoe. Nilisema sentensi nne. Kwamba uji ulikuwa wa Chepkoech. Kwamba barua yangu ilikuwa ya kumkataza. Kwamba sifa nilizichukua kwa kukohoa. Kwamba Tabby aliambiwa uongo na kosa ni langu.

Nilingoja mshangao. Nilingoja machozi. Kusema kweli, nilitarajia na makofi kidogo, ya mtu jasiri.

Sauti ikatoka nyuma: "Hiyo tulijua, Mzee."

Tulijua! Njenga akasimama, akaeleza kwa heshima kubwa kwamba mwaka 1984 yeye alikuwa darasa la kwanza. Alisema darasa zima lilimwona mwalimu wao akiwasha jiko kwa barua, na wakamsaidia kupuliza. Tena akakumbusha kwamba kila siku kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Watu wakacheka. Wazazi, walimu, hata mpishi wa shule. Miaka arobaini na mmoja mtaa mzima umekuwa ukiingia sebuleni kwangu, ukisoma fremu, ukisema "hongera", na ukijua!

Nilikaa chini. Sikuwa na pumzi ya kushtuka tena.

Kisha Njenga akauliza desturi ile ya kungoja mtu afe ina faida gani, maana aliyekufa hawezi kusoma mlango. Wakapiga kura kuifuta. Wakapiga kura nyingine, na maktaba ikawa ya Chepkoech akiwa hai. Mikono yote juu. Na wangu. Tabby alikuwa ananitazama.

Tuliporudi nyumbani alinishika mkono njia yote. Tukafika langoni. Hapo akaniambia, "Guka, leo umekuwa brave. Kiasi."

Nimeishusha fremu. Waithira ameniletea chai bila kuombwa. Naweza kufa sasa. Ni ajabu, sijali tena mlango.

Jumamosi, 21 Juni

Nimelala kama mtoto. Mtu mpya kabisa.

Saa nne Mwalimu Wesonga amebisha hodi. Fundi anachonga kibao cha kuwekwa chini ya jina la Chepkoech, na kinahitaji historia fupi, sentensi mbili tu. Amesema mtaa wote wa Munyaka hauna mwenye Kiswahili safi kama changu. Nilishtuka kwa furaha. Nimemketisha, Waithira amempa chai, mimi nimechukua kalamu.

Nimeandika: "Mwaka 1984 Mwalimu Chepkoech aliwapikia watoto uji kwa maziwa ya ng'ombe wake. Wengi walibaki shuleni kwa sababu yake."

Kweli tupu. Nimeridhika. Wesonga amenyoosha mkono aichukue karatasi.

Nimemwambia angoje kidogo. Sentensi ya kwanza inaishia ghafla mno, kama mtu aliyeanguka kwenye ngazi. Nimeongeza: "chini ya uongozi wa mwalimu mkuu wa wakati huo." Si uongo. Uongozi ulikuwepo. Nilikuwa ofisini.

Wesonga ametazama saa. Fundi anamngoja.

Nimesoma tena kwa sauti ya chini. Bado kuna kasoro. Mtoto atakayesimama mbele ya kibao hicho atajiuliza: mwalimu mkuu yupi? Si vizuri kumwacha mtoto na swali.

Nimeongeza jina.