Mizunguko Kumi na Saba ya Maegesho

Ndugu Mhariri,

Mwili mzima, ila magoti na moyo vinauma. Mimi ni fundi wa mapaa, katibu wa hekalu letu la Kihindu, na Kanada hii nimeishi miaka thelathini na mmoja. Kupima najua. Haya nimeyapima.

1. Kila Aprili manispaa huwafungia Masingasinga barabara kuu, kilomita tatu na mita mia nne, waandamane kwa sikukuu yao ya Vaisakhi. Meya hupanda gari la mbele, kichwani kitambaa cha rangi ya chungwa, akipunga mkono kama bwana harusi. Sisi je? Julai, gari la mungu wetu, Bwana Jagannath, tunalivuta kwa kamba ndani ya maegesho ya duka la mbao. Kuyazunguka ni mita mia mbili. Ili tulingane na majirani, mwaka jana tulizunguka mara kumi na saba. Hizo ni kona sitini na nane, na gari letu halina usukani.

2. Mzunguko wa tisa, jirani yangu Bachittar Singh Dhaliwal, mwenye malori, alisimama kando akapaza sauti: "Bhai Omkar, safari ya wapi hiyo? Kama mmepotea semeni!" Wake zetu wakacheka. Nikamjibu, "Sardar-ji, njia tunaijua, mmeikalia nyinyi!"

3. Siku ya Diwali Meya alitutembelea na kitambaa kile kile, akatuamkia kwa salamu ya Masingasinga. Tulimpigia makofi. Tungefanyaje?

4. Kwa kuwa manispaa haitutofautishi wakati wa picha, ila wakati wa barabara inatutofautisha barabara, naomba Wahindu tuandikwe Masingasinga kwa siku moja: Jumapili ya pili ya Julai, saa nne hadi saa nane. Vilemba vya harusi tunavyo mia mbili na kumi na viwili. Ndevu, tupewe muda.

Wasalimie wapiga chapa, mama yako, na yeyote aliyewahi kuzunguka asifike.

Wako katika kona ya sitini na nane,
Omkar Nath Sood

Baada ya sahihi: Bachittar kaikuta barua hii mezani kwangu. Kacheka mpaka kilemba kikalegea, kisha kaenda mwenyewe kutuombea barabara kwa jina la hekalu lao. Kapewa Jumapili ile ile niliyoiomba. Aliulizwa swali moja tu: Meya atakaa wapi? Kwa hiyo, Mhariri, tafadhali usiichapishe mpaka Jumapili hiyo ipite. Na ukimwona Meya, salamu yake usiisahihishe.