Miaka Kumi na Mmoja ya Vibonye Vyeupe

Jumatatu, 6 Mei

Kinanda cha kwaya kimekufa. Rasmi! Kilikuwa kikifa kwa awamu tangu mwaka juzi, kibonye kimoja kimoja, kama meno ya mzee. Leo katikati ya mazoezi kikatoa mlio wa paka aliyekanyagwa, kikanyamaza. Watu wa besi wakapiga makofi. Wajinga.

Mwenyekiti wetu (muuguzi, hucheka mara moja kwa mwaka, mwaka huu bado) akatangaza papo hapo kwamba kipya kitanunuliwa wiki hii. Mwezi ujao binti yake anaolewa, na kwaya haitaimba na paka. Duka litatuazima vyombo viwili, Jumamosi vipigwe mbele ya wote, tuchague. Vizuri. Halafu akaongeza. Kwa nini watu huongeza? Akasema kwa kuwa sasa tuna wapigaji wawili, siku hiyohiyo tutajua nani akikalie kiti.

Wapigaji wawili! Wa kwanza ni mimi, fundi cherehani mchana, mpiga kinanda jioni, miaka kumi na mmoja juu ya kiti kile. Wenyewe wananiita Mtaalamu. Wa pili ni Mwalimu. Mama mstaafu, kafundisha muziki shuleni miaka thelathini, kajiunga na sauti ya pili miezi miwili tu iliyopita. Anasoma nota kama mimi ninavyosoma vipimo vya suruali. Ananiita "kaka yangu" kwa upole unaotisha.

Siri yangu naiandika hapa tu. Nilijifundisha mwenyewe, kwa vibonye vyeupe. Vyeusi sijawahi kuvigusa ila kuvipangusa vumbi. Wimbo ukitaka kuanzia juu zaidi, kuna kitufe kinaitwa transpozi: unakibonyeza, vidole vinabaki palepale kwenye vyeupe, kinanda chenyewe kinaupandisha wimbo. Kwaya haijui. Mke wangu anajua. Kasema za mwizi ni siku arobaini. Nikamwambia mimi nina miaka kumi na mmoja. Kasema basi nitakamatwa pamoja na riba.

Jumanne, 7 Mei

Dukani na Mwalimu. Nimevaa koti.

Chombo cha kwanza: kinanda chepesi, vibonye sitini na kimoja, midundo mia mbili ndani yake, kinatumia hata betri. Kilo nne. Nimekibana kwapani kama gazeti. Na kitufe cha transpozi kiko usoni kabisa, kimeandikwa! Nimekipenda kama ndugu.

Chombo cha pili: piano ya kidijitali. Ya kubebeka, kasema muuzaji. Ya kubebwa na nani, hakusema. Ubao mrefu mweusi, vibonye themanini na vinane, vizito kwa makusudi, eti vifanane na vya piano yenyewe. Kilo kumi na mbili. Bila umeme wa ukutani ni meza. Vitufe vitano tu, vimechorwa vidoti, havina jina hata kimoja. Nimetafuta transpozi mbele, nyuma, chini. Hakuna! Nikavua koti.

Mwalimu akaiketia. Akafumba macho, akapiga kitu taratibu. Mteja aliyekuja kununua waya wa spika akasahau waya. Kwa kweli ni sauti nzuri. Ukibonyeza polepole inanong'ona, ukibonyeza kwa nguvu inafoka. Kile chepesi nacho kinajitahidi, lakini kinafoka kwa adabu. Sikusema hivyo. Nilisema midundo. Mwalimu akajibu kwamba midundo ya kinanda ni kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Muuzaji akacheka. Muuzaji gani huyo anayechekea upande mmoja?

Kisha akanitaka nijaribu pedali ya piano, inayorefusha sauti. Mguu wa fundi cherehani ukiona pedali hauulizi. Niliikanyaga kana kwamba nashona pazia la ukumbi. Sauti zote zikagandana kama wali uliokosa moto. Mwalimu akasema, "Kaka yangu, hiyo hatuiendeshi, tunaikalisha tu." Akanisogezea kiti nipige wimbo mmoja. Nikamwonyesha kidole: sindano imenichoma asubuhi. Haikunichoma. Nimerudi nyumbani nimekifunga kitambaa, na kwa kuwa mwongo hukamilisha kazi, nimekifunga vizuri sana. Mke wangu ameuliza kama nimekata mkono.

Jumatano, 8 Mei

Nimelala na wazo, nimeamka na mpango.

Umeme! Kinanda kina betri, piano haina. Umeme ukikatika Jumamosi Mwalimu akiwa katikati ya wimbo, piano itageuka meza mbele ya macho ya kwaya nzima. Mimi nitainuka kwa huruma, niwashe kinanda changu, niendelee pale alipoishia. Nani atapiga kura ya meza?

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni fundi umeme na ndiye anayeangalia mitambo ya ukumbi. Nimemwita kibandani. Nimemwambia saa kumi kamili, Jumamosi, ashushe swichi kuu, ahesabu hadi sitini, arudishe. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia ni jambo la kitaalamu. Akaniuliza kwa nini hesabu iishie sitini. Nikamwambia suruali zake mbili nitazipunguza bure. Hakuuliza tena. Shemeji ana kasoro nyingi ila moja hana: akiambiwa saa, ni saa.

Mchana nimeshona mfuko wa kinanda. Sentimita tisini na nne kwa vipimo vyangu vya jana, kitambaa cha bluu, zipu mbili, mfuko mdogo wa betri. Mke wangu kasema huwezi kununua mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Nimemwambia hiki ni kinanda. Kasema ndiyo, na wewe ndiye mimba.

Alhamisi, 9 Mei

Dunia imepinduka!

Nimekwenda dukani peke yangu kununua betri. Muuzaji, kwa kutaka mazungumzo tu, kaniambia ile piano nayo inayo transpozi. Imefichwa! Unashikilia kitufe cha kati chenye kidoti na papo hapo unabonyeza kibonye fulani upande wa kulia: cha tatu hupandisha wimbo hatua tatu juu. Nimerudia mara kumi. Vyeupe vyangu vikaimba popote nilipotaka, kwa sauti ile inayonong'ona na kufoka. Niliisikia mikono yangu ikipiga kitu kizuri. Hata muuzaji aligeuka kutazama. Ningembusu, lakini alikuwa na mteja.

Basi kinanda cha nini? Sikitaki tena. Nataka piano! Nimepita kwa Mwenyekiti nikamwambia nimetafakari, nimelinganisha kwa kina, na kwa manufaa ya kwaya nimeona Mwalimu ana haki. Mwenyekiti akanitazama kama mgonjwa aliyepata nafuu bila dawa. Akasema huo ni ukomavu. Ukomavu! Kwa hiyo Jumamosi italetwa piano peke yake. Limebaki la kiti tu, na kiti ni changu.

Nimefungua kidole. Kimepona ghafla.

Kuna jambo nilipaswa kulitengua na silikumbuki. Nimekaa nalo jioni nzima, nimetembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nimekoroga chai isiyo na sukari. Halikuja. Likiwa la maana litarudi lenyewe.

Jumamosi, 11 Mei

Limerudi lenyewe.

Naandika haraka kabla aibu haijapoa. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alitangulia. Alipiga vizuri, sina la kusema, ila kwaya bado haijavizoea vidole vyake na kwenye ubeti wa pili walimkimbia kidogo. Nikajipa moyo. Nikaketi. Nikajifanya nafuta vumbi, nikashikilia kidoti, nikabonyeza cha tatu. Hakuna aliyeona. Hatua tatu juu, pale wimbo unapopenda kukaa.

Ubeti wa kwanza! Jamani. Sijawahi kupiga vile. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mke wangu, aliyekuja kushuhudia riba, akaacha kula karanga. Niliona kiti, niliona harusi, nilijiona nimevaa suti yenye kola ya satini. Nikatupa jicho kwenye saa ya ukutani kwa madaha tu.

Saa kumi kamili.

Feni zikapunguza mwendo. Piano ikawa meza. Kwaya, kwa kuwa ni kwaya nzuri (mimi ndiye niliyewalea), ikaendelea kuimba bila chombo, imesimama palepale juu. Kwenye korido nikamwona shemeji akihesabu kwa vidole. Nilimpungia mkono aache. Akanipungia na yeye.

Umeme uliporudi niliwasha piano na kurukia wimbo kwa furaha ya mtu aliyeokolewa. Ndipo nilipojifunza kwamba piano ile ikizimwa husahau yote uliyoinong'oneza. Kwaya iko hatua tatu juu, mimi niko chini kwenye vyeupe. Besi, watu watiifu, wakanifuata chini. Sauti ya kwanza wakabaki juu kwa kiburi. Sauti ya tatu wakagawanyika, kila mtu na familia yake. Nikapiga kwa nguvu zaidi, nikidhani wataona haya. Ilikuwa kama mechi ya ng'ombe.

Mwalimu akainuka. Akaja nyuma yangu, akapitisha mkono juu ya bega langu, akashikilia kidoti, akabonyeza cha tatu. Wimbo wote ukarudi nyumbani mara moja. Yaani alijua! Vidole vyangu vikaendelea vyenyewe hadi mwisho, kwenye vyeupe, mbele ya watu arobaini waliokuwa sasa wanavitazama.

Wimbo ulipoisha tu, shemeji akaingia akiwa anajifuta mikono, akauliza kwa sauti ya fundi: "Shem, nimekata kwa wakati? Na zile suruali ziko tayari?"

Mwenyekiti alicheka. Ndiyo ya mwaka huu.

Jumapili, 12 Mei

Hukumu. Piano imenunuliwa, kiti ni cha Mwalimu. Watu wa besi walitaka nihamishiwe kwenye kupanga viti. Aliyenitetea ni Mwalimu mwenyewe! Alisema mtu aliyewaimbisha watu miaka kumi na mmoja kwa nusu ya kinanda ana sikio ambalo wengi wenye vyeti hawana, na kwamba alinijua tangu siku yake ya kwanza, kwa jinsi vibonye vyeusi vya kinanda kile vilivyokuwa vipya. Atanifundisha Jumanne na Ijumaa. Kwenye harusi ya binti wa Mwenyekiti nitapiga wimbo mmoja, na vyeusi vyake. Nikiuweza, kiti tutakikalia kwa zamu. Nisipouweza, nipange viti.

Nilimwahidi kwa moyo mkunjufu. Nimejifunza, nilisema. Hila basi! Na kweli nilimaanisha, hadi kwenye ngazi.

Mfuko niliokishonea kinanda umeipungukia piano sentimita thelathini na nane. Nimeunga kitambaa cha kahawia mwishoni. Piano inaonekana imevaa soksi.

Jumanne, 14 Mei

Somo la kwanza. Vibonye vyeusi ni vyembamba, vinateleza, viko mbali na viko vingi. Dakika kumi, na kidole cha tatu kimeanza kuuma. Safari hii kweli! Mwalimu kasema vumilia, kaka yangu, mwezi ni mrefu. Kisha akaupiga wimbo wa harusi wote, mwanzo hadi mwisho, nisikilize unavyopaswa kuwa. Ulipendeza hadi nikatazama pembeni.

Pembeni kuna kitufe chenye kidoti chekundu. Nikamuuliza ni cha nini. Kasema ni cha kurekodi: ukikibonyeza piano huhifadhi ulichopiga, halafu hukipiga yenyewe.

Yenyewe!

Nimetembea njia nzima kwa haraka ya mtu mwenye mkate wa moto. Ijumaa nitamwomba aupige tena. Nitakuwa nafuta vumbi. Siku ya harusi nitaketi, nitafumba macho kama yeye, mikono itapita juu ya vyeusi bila kuvisumbua. Hakuna kinachoweza kuharibika isipokuwa umeme.

Kwa hiyo nimekwenda kwa shemeji, maana yeye ndiye atakayefunga taa za harusi. Nimemweleza kwamba wimbo wangu ni saa kumi kamili na wakati huo asiguse swichi yoyote. Akasema nimwandikie, kichwa chake kina mengi. Nimeandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo. Kilikuwa kidogo. "Saa kumi kamili, swichi kuu" imekaa vizuri, kwa herufi kubwa. "Usiguse" ilibidi niiandike nyuma.